Jiwe la Chumba cha Pili

Aliyejenga nyumba hii, huku juu Mabatini,
alilikuta jiwe limekaa.
Akalipiga nyundo, likamrudishia nyundo.
Akalichomea magurudumu mawili ya gari, akalimwagia maji,
likatoa ufa mmoja mwembamba
kama mstari wa kiganja,
likanyamaza.
Basi akapitisha ukuta juu yake,
nusu ya jiwe nje, nusu chumbani,
na ndiyo maana kodi yangu ina nafuu ya elfu kumi.

Nilihamia na cherehani, godoro, na Ngollo mgongoni.
Jiwe likawa kabati: sufuria, sabuni ya kipande,
chupa ya mafuta ya taa.
Sikuliwazia neno.

Mama alipofia Bugando
nilikabidhiwa mfuko wa rambo:
kanga, rozari iliyopungukiwa punje tatu,
na kijiko.
Kijiko! Siku mbili nilizunguka nacho mkononi.
Kwenye kapu, na wenzake,
kingekorogea uji wa kila mtu.
Nikakilaza juu ya jiwe, kando ya ufa.

Kesho yake sabuni ilionekana haina adabu,
nikaiondoa. Keshokutwa, sufuria.
Ukaja mshumaa ndani ya kifuniko cha kopo.
Ikaja glasi ya maji ya ziwa,
ambayo Ngollo huyabadilisha mwenyewe
yakianza kuota kijani.
Ukaja unyoya wa mdiria, aliouokota Kirumba
akakataa kusema kwa nini ukae hapo.

Jirani yangu Esteria, aliyeokoka, alisimama mlangoni:
“Dada, hiyo ni mizimu?”
Nikamwambia, “Ni kijiko.”
Hakucheka.
Lakini nilipompelekea sare za watoto wake
niliona juu ya televisheni yake
kitambaa kilichofumwa, ua la plastiki,
na picha ya mwanawe aliyeingia machimbo ya Geita
akaacha kupiga simu.
Picha haina chembe ya vumbi,
na hii Mwanza, na hiki ni Agosti.
Sikuuliza kitu.
Nilijikuta nimevua ndala.

Kwao mama, upande wa Magu,
babu alikuwa na vijumba vya nyasi uani,
havikufika magotini, vya masamva.
Akabatizwa, vikang'olewa, pakabaki udongo mtupu.
Mama alipofagia ule uwanja kila alfajiri
fagio lake lilikata kona,
likazunguka mahali pasipo na kitu,
likaendelea.
Niliikanyaga kona ile utoto mzima
nikidhani mama hajui kufagia.

Mwezi wa kumi Bi Kalunde, mwenye nyumba, akamtuma fundi.
Chumba kinyooke, kodi ipande.
Lusangija akaja na nyundo ya kilo saba na patasi.
“Nianzie wapi?”
“Popote. Kijiko usikiguse.”
Akakitazama. Akatazama unyoya, na maji.
Akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole,
kama mtu anayebisha hodi,
akaweka sikio.
Muda ukapita.
Kisha akamwita Bi Kalunde:
“Hili limeshikana na mlima. Nikilivunja,
nyumba ya hapo juu itashuka ile chakula cha mchana kwako.”
Kama ni kweli, sijui.
Alidai elfu tano za kusikiliza,
akalipwa, akaenda zake.

Kodi imepanda hata hivyo.

Usiku umeme ukikatika
nanyoosha mkono gizani.
Ile nusu ya nje imeota jua mchana kutwa
na sasa ndiyo inauleta ndani, polepole.
Ngollo anakoroma.
Nakigusa kijiko:
kina joto,
kama kimetoka sasa hivi kwenye uji.